Mume Wangu Ng'ambo ya Mto

Mimi nina wivu, na sitafuti wa kunipa pole. Mama yangu alikuwa nao, bibi mzaa mama alikuwa nao, na waume zao wote wawili walifia nyumbani, kitandani, wake zao wakiwashika mkono. Mtu wa hapa Arnsdal akiniambia wivu ni ugonjwa, namwuliza: wako yuko wapi saa hizi? Mara nyingi hana jibu.

Jumatano ile jioni nilikuwa jikoni namenya viazi, televisheni ikijisemea peke yake sebuleni. Nikasikia jina la mume wangu. Nikatoka na kisu mkononi. Orrin alikuwa kwenye mgahawa wa moteli moja ng'ambo ya mto, katika jimbo la jirani, amekaa na maseneta wenzake wa chama chetu wanakunywa kahawa. Ubavuni pake, bega kwa bega, alikaa Seneta Lavonne Prohaska, mwalimu wa muziki mstaafu, mjane, meno yote nje. Na kichwani kavaa kofia ya Orrin.

Naijua kofia ile. Ni ya kuwindia kulungu, rangi ya chungwa, ukingo umeliwa na panya. Mimi, mke wa ndoa, niliivaa mara moja tu nikienda kutupa taka, akanivua mlangoni. "Hiyo haitoki nje ya msimu, Marlys," akasema, utadhani kulungu wangepata habari. Leo imekaa juu ya nywele za mjane, na msimu wa kulungu haupo, ni mwisho wa Machi, barafu inakatika mtoni. Viazi sikuvimaliza.

Niseme kwanza kilichompeleka huko, maana watu wengi wanadhani ilikuwa likizo. Seneti ya jimbo letu ina kanuni ya kale: muswada mzito haupigiwi kura mpaka theluthi mbili ya maseneta wawe wamo ukumbini. Hiyo ndiyo akidi. Wenzetu wa chama cha upande wa pili wanatuzidi kwa wingi, lakini kufika theluthi mbili walikuwa wanapungukiwa mtu mmoja. Mmoja tu wa kwetu. Si lazima akubaliane nao. Hata akisinzia kitini, mradi amehesabiwa.

Muswada wenyewe ulikuwa na ramani mpya ya maeneo ya uchaguzi, waliyoichora wao, ikitukatakata vipande kama mkate wa msibani. Na chini yake kifungu kinachosema hakuna mahakama itakayoigusa ramani hiyo, leo wala kesho. Haraka yao ilikuwa wazi. Kwenye Mahakama ya Juu ya jimbo walikuwa na majaji wanne, sisi watatu, lakini kwenye uchaguzi wa majaji tuliwapokonya kiti kimoja, na jaji wetu mpya alikuwa anaapishwa Jumatatu saa sita mchana. Saa hiyohiyo kikao cha Seneti kinafungwa. Ikifika saa sita bila akidi, muswada umekufa. Ikipatikana akidi dakika moja kabla, sisi ndio tumekufa, na tutakaa kaburini miaka kumi.

Basi maseneta wetu wakaamka alfajiri moja, wakapanda magari, wakavuka daraja. Desturi hiyo si ngeni kwetu. Waliowatangulia waliwahi kuruka madirishani ili wasihesabiwe. Upande wa pili wakakimbilia mahakamani kutaka watoro wakamatwe. Jaji wao akasema wakamatwe. Jaji wetu akasema wasikamatwe. Kwetu kila chama kina jaji wake, kama kila mtu alivyo na fundi wake wa gari. Mwishowe Mahakama ya Juu ikatoa neno: wakamateni, lakini ndani ya jimbo tu, na mpaka wa jimbo uko katikati ya mto.

Anayewakamata ni mpambe wa Seneti akiwa na askari wa jimbo. Na mpambe wa Seneti ni mdogo wangu, Galen, tumbo moja, ziwa moja. Alihamia upande wa pili mwaka aliooa. Hatujawahi kugombana mezani kwa sababu mama alitukataza siasa kabla ya kahawa, na baada ya kahawa Galen huwa amelala.

Jumatano ile ile nikampigia Orrin simu.

"Kofia iko wapi?" nikamwuliza.

"Hujambo na wewe."

"Orrin, nimekuuliza kofia."

"Ah. Lavonne alisikia baridi."

"Kwenye mgahawa? Huko hawana moto?"

"Marlys, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Nikasikia nyuma yake sahani zinagongana na mwanamke anacheka. Nikamwuliza kama wanakula meza moja kila siku. Akasema wote wanakula pamoja. Nikamwuliza kama wote wanakaa ubavuni pake. Akacheka kidogo, kisha akashusha sauti ikawa ile ya zamani, ya kabla hatujaoana, na akasema, "Mke wangu, ukiniambia njoo, nakuja. Wewe sema tu njoo."

Moyo ukayeyuka. Sikusema njoo, kwa kuwa ninajua maana ya akidi kuliko nusu ya maseneta. Lakini nililala nikiikumbatia sentensi ile.

Alhamisi mjane akaniamsha upya. Alikuwa anahojiwa nje ya moteli, theluji inadondoka, kofia kichwani. Mwandishi akamwuliza kwa nini wanakataa ramani. Akajibu, "Mbweha hapewi kazi ya kupima banda la kuku."

Nikakaa chini. Hilo ni neno la baba yangu. Baba alikuwa akilisema kuhusu mtu aliyempimia shamba, na nje ya familia yetu hakuna alijuaye. Nilimwambia Orrin kitandani, mwaka wa kwanza wa kampeni. Kwa hiyo Lavonne kalipata wapi?

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Kofia ni kofia. Lakini maneno ya Orrin ni kazi yangu. Yule alikuwa muuza matrekta aliyekuwa akitokwa jasho akisoma sala kanisani. Nani alimfanya seneta? Mimi. Mimi niligonga milango ya wilaya nzima na bakuli la viazi vya kuoka mkononi. Kila hotuba yake aliisema kwanza kwa friji letu, mimi nimekaa kwenye kigoda namkatiza. Kanuni ya Seneti yetu haimruhusu mwanamume kukanyaga ukumbi bila tai, na Orrin hawezi kufunga tai, vidole vyake ni vya boliti. Kila Jumatatu ya kikao anainua kidevu, mimi namfunga, na hapo kidevu kikiwa juu ndipo ananiambia hofu zake zote. Hayo ndiyo mapenzi yetu. Wengine wana mashairi. Sasa kuna mwanamke mwingine anaambiwa, tena anaambiwa yale yaliyotoka kwangu. Nilichukia mpaka nikapiga pasi mashuka.

Ijumaa nilikwenda ukumbi wa kanisa kula samaki, kama kila Ijumaa ya Kwaresima. Nilipoingia, meza zikapunguza sauti. Mama mmoja wa kwaya akaniambia, "Marlys, tunakuombea," na nikamwambia ajiombee yeye, mumewe ana safari nyingi za kununua misumari. Galen akanivutia kiti. Alikuwa na sare yake, tumbo limeegemea meza.

"Dada, umekonda," akasema.

"Sijakonda. Sema unachotaka."

"Sitaki kitu. Nakuhurumia." Akanisogezea simu yake. Picha nyingine: Orrin na Lavonne wanatembea kando ya mto, kichwa kwa kichwa. Nyingine: Orrin anamsaidia kuvaa koti. "Watu wanasema sana kule Senetini. Mimi nawanyamazisha. Nawaambia shemeji yangu si mtu wa hivyo."

"Wewe hujawahi kumnyamazisha mtu, Galen. Hata mbwa wako anakubwekea."

"Haya, mimi ni mbaya. Lakini ningekuwa wewe ningekwenda kumwangalia usoni. Si kumleta, la. Kuonana tu. Darajani katikati, yeye upande wake, wewe upande wako. Mtu na mkewe, kuna sheria inakataza?"

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuendesha. Barabara ni mbovu na gari lako halina matairi ya theluji. Nitakaa garini."

Msiniambie nilikuwa mjinga. Niliuona mtego, ulikuwa mkubwa kama ghala. Lakini nilijiamini. Nikasema, sitamwita avuke. Nitasimama kwenye mstari, nitamtazama macho, nitajua. Mwenye wivu akitaka kujua, hata umwambie daraja linaungua atauliza linaungua upande gani.

Jumapili baada ya ibada tukaenda. Orrin alikuwa amekubali upesi kwenye simu, saa tisa alasiri, sawa, nitakuwepo. Galen akaegesha mwanzoni mwa daraja. Nyuma yetu likaja gari la askari wa jimbo, likazima taa.

"Huyo ni wa nini?" nikamwuliza.

"Ni wa barabara," akasema Galen. "Usimjali."

Nikashuka. Upepo wa mtoni ulikuwa mkali mpaka machozi yakanitoka, na sikutaka mtu adhani nalia. Katikati ya daraja kuna ubao wa kijani wenye jina la jimbo letu upande mmoja na lao upande mwingine. Orrin alikuwa ameshafika. Alisimama hatua chache ng'ambo ya ubao, koti zito, mikono mfukoni, hana kofia. Nyuma yake, mbali, penye mwisho wa daraja, niliiona rangi ya chungwa. Lavonne alikuwa amemfuata. Kasimama anatutazama.

"Umekuja na mlinzi," nikasema.

"Kanifuata mwenyewe. Sikumwita."

"Mwanamke anakufuata mpaka kwa mkeo, na kofia yako kichwani, na maneno ya baba yangu kinywani. Orrin, niambie ukweli. Mnalala chumba kimoja?"

"Marlys, hapana."

"Unampenda?"

"Hapana. Nimekukumbuka wewe. Nimechoka na mayai ya moteli, nimechoka na kila kitu." Akasogea. "Niambie njoo. Nitavuka sasa hivi, hapa hapa, mbele ya wote. Hapo utajua nani nampenda."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kulisema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mwanamume anatupa chama, anatupa Seneti, anatupa jimbo zima, kwa ajili ya mke aliyekunjamana kama mimi, na mjane anaona. Nani kati yenu angekataa zawadi hiyo? Nilimtazama Lavonne kule mbali nikasema moyoni, tazama vizuri, mama.

Upepo ukafungua koti la Orrin. Ndani yake alikuwa amevaa tai.

Tai ya kijani, mpya, siijui. Tai zake zote ziko nyumbani kwenye msumari wa kabati, aliondoka alfajiri bila hata moja. Na fundo lilikuwa zuri. Dogo, limebana, limekaa katikati kabisa. Damu ikanipanda kichwani.

"Nani kakufunga?" nikasema.

"Nini?"

"Tai. Nani kakufunga tai? Umemwinulia kidevu yule mwanamke?"

Akaishika kama mtu aliyesahau kwamba anayo. "Nimejifunga mwenyewe."

"Huwezi."

"Nimejifunza. Kwenye simu, kuna mtu anafundisha. Imenichukua asubuhi nzima, kweli tena. Marlys, Lavonne hajaigusa."

Nilimwamini. Orrin akidanganya huwa anakuna sikio, na hakukuna. Wivu ukashuka, nikashusha pumzi, karibu nicheke. Asubuhi nzima mzee wa miaka sitini na mitatu amesimama mbele ya kioo cha moteli akijifunza kufunga tai. Kwa ajili ya nini? Kuja kugombana na mkewe kwenye daraja lenye upepo? Kwangu huyu huja na soksi zenye matundu. Kwa wiki nzima televisheni imemwonyesha na sweta.

Hapo ndipo nikamtazama chini. Viatu vyeusi, vimepakwa rangi. Viatu vya ukumbini.

"Orrin," nikasema polepole, "ulikuwa umeshaamua kuvuka kabla sijafika."

Akakuna sikio.

"Sema."

"Kikao kinaendelea leo," akasema. "Wako wote kule wanasubiri. Ni nusu saa kwa gari. Nakaa, nahesabiwa, nakwenda nyumbani. Sipigi hata kura ya ndiyo."

"Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu."

"Orrin Tveit, nitakutupa mtoni."

Akatazama barafu inavyopita chini. "Kwenye ramani, eneo letu haliguswi. Wataukunja mstari pale kwa mto mdogo, nyumba yetu inabaki ndani. Wenzangu viti vyao vinakwenda hata nisipovuka, Marlys, leo au mwaka ujao. Lavonne anakwenda. Wote. Kwa nini na mimi niende? Nirudi kuuza matrekta nikiwa na umri huu?"

"Na ungewaambia nini?"

Sikuhitaji jibu. Nilikuwa nimeshaliona lote, kuanzia kofia hadi picha za Galen hadi ile sauti ya kabla hatujaoana. "Ungewaambia mke wako kakuita," nikasema. "Ana wivu, kaja mpaka darajani analia, ungefanyaje."

"Watu wangeelewa," akasema mume wangu. "Kila mtu anakujua ulivyo. Hakuna ambaye angenilaumu."

Nimepigwa na mlango wa ghala, nimezaa watoto wawili bila sindano, lakini sijawahi kuumia hivyo. Wivu wangu ni wangu. Nimeulea kama ng'ombe wa maziwa. Na hawa wawili, mume na ndugu, walikuwa wameshaufunga kamba na kuupeleka sokoni.

Galen akapiga honi, mara moja, ya adabu. Yule askari alikuwa ameshashuka garini. Orrin akainua mguu.

Sikumwita. Mimi ndiye niliyevuka. Nilipita ubao, nikaishika tai ya kijani chini ya fundo, nikaivuta, naye akageuka kama ndama anavyogeuka ukimshika kamba ya shingo. Nikaanza kutembea kuelekea jimbo la watu. "Marlys, unaninyonga," akasema. Nikamwambia atembee upesi basi, kamba italegea. Nyuma Galen alikuwa anaita, "Dada, dada, subiri tuzungumze," lakini aliishia penye ubao. Kuna mpiga picha alikuwa amejificha nyuma ya nguzo. Mnajua picha ile. Mliichekea kila mahali.

Lavonne alikuwa bado pale mwisho wa daraja. Tulipomfikia hakuuliza kitu. Akaja upande wa pili wa Orrin, akamshika kiwiko, tukaenda watatu.

Jumatatu asubuhi tulikaa mgahawani, mimi kulia, Lavonne kushoto, Orrin katikati na mayai yake. Alipotaka kwenda chooni, tulisimama wote wawili. Wenzake wakacheka, wakasema, Mheshimiwa ana bahati, anagombewa. Mmoja akaniambia, "Mama Tveit, mwachie angalau apumue." Nikamwambia atapumua saa sita. Niliwaacha wacheke. Ningewaambia ukweli, Orrin asingekuwa na chama, wala jina, wala pa kuweka uso, na huyo ni mume wangu, aibu yake naifua mwenyewe nyumbani.

Saa sita televisheni ikamwonyesha rais wa Seneti anatazama viti vitupu, kisha anapiga nyundo. Upande wa pili wa skrini jaji wetu mpya ameinua mkono wake. Watu wakapiga makofi, wakakumbatiana, mmoja akalia. Orrin naye alipiga makofi. Alipiga vizuri tu.

Nilimkuta Lavonne nje penye magari, anakwangua barafu kwenye kioo. Alivua kofia akanipa.

"Yako hii," akasema.

"Si yangu. Mimi siruhusiwi kuivaa."

"Mimi sikuiomba. Alinivika mwenyewe, mpiga picha alipoingia tu. Siku ile ile nikajiuliza, huyu bwana anataka nani aone?"

Nikamtazama. Alikuwa mwanamke wa kawaida, pua nyekundu kwa baridi, kinga za mikono zimefumwa vibaya.

"Wewe ulijua," nikasema.

"Nilihisi. Alianza kuuliza kikao kinafungwa lini, wakati sote tunajua kinafungwa lini. Akawa hamalizi chakula. Nikasema huyu atakimbia. Basi nikawa nakaa naye kila mlo, natembea naye, namsikiliza, anasimulia habari za baba yako na mbweha, nami nazitumia nikihojiwa ili ajione yumo. Uniwie radhi kwa hilo. Jana asubuhi akaja kuniomba nimfungie tai. Nikakataa, nikavaa viatu, nikasema leo ndiyo leo."

"Kwa hiyo zile picha zote," nikasema, "ulikuwa unamchunga."

"Nilikuwa namchunga." Akarudi kukwangua kioo. "Hukuwa na habari?"

Angenipiga kofi ningemshukuru. Ningemkuta kitandani na Orrin ningejua la kufanya, wanawake wa kwetu wanajua. Lakini mjane amekaa na mume wangu wiki mbili tu, juu ya mayai ya moteli, akamsoma mpaka ndani. Mimi nimekaa naye miaka thelathini na nne, nikilinda mlango ambao hakuna mtu aliyetaka kuupita, na ule aliotaka kutorokea Orrin mwenyewe sikujua hata kama upo. Nikamwambia ahsante.

Galen hakuja kula nyama ya Pasaka. Mjini wananiita mama wa kamba, na mwezi uliopita kwenye gwaride la mji mtu alijifunga tai ya kijani akavutwa na mkewe, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilipunga mkono. Orrin naye alipunga. Wanasema ndoa yetu ni mfano.

Kikao kipya kilipofunguliwa alikuja jikoni asubuhi na tai mkononi, akainua kidevu kama zamani.

"Jifunge," nikamwambia. "Si unajua."

Akaenda kwenye kioo cha sebuleni akaanza kujifunga, akikosea, akirudia. Mimi nikasimama nyuma yake, kahawa inapoa mkononi, nautazama uso wake kwenye kioo. Naukagua macho, mdomo, sikio. Nakitafuta kile alichokiona yule mwanamke. Nimetazama kila Jumatatu tangu siku ile. Namwona Orrin tu.